Wino wa Kalamu na Hati za Kughushi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale yale yanayorudi kila mara, kutoka kwa mawakili, warithi, wahasibu, na watu waliokuta saini yao mahali ambapo hawakuiweka. Nimeyapa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwa jingine. Kama hati inayokusumbua unayo mkononi sasa hivi, ruka yote haya uanze na swali la 5, kisha urudi.

## Mambo ya msingi

1. Uchunguzi wa wino ni nini, na una tofauti gani na uchunguzi wa mwandiko?

Mchunguzi wa mwandiko anaangalia mkono: herufi zinavyoumbwa, mgandamizo wa kalamu, mahali inaponyanyuliwa. Mchunguzi wa wino anaangalia kilichobaki kwenye karatasi baada ya mkono kuondoka. Ana maswali matatu. Maandishi haya yote yametoka kwenye wino wa aina moja? Wino huu ulikuwepo duniani tarehe inayodaiwa? Na uliwekwa hapo lini, au angalau kabla au baada ya nini?

Mara nyingi kazi hizi mbili hufuatana. Saini inaweza kuwa halali, ya mwenyewe kabisa, na hati bado ikawa ya uongo kwa sababu mtu aliongeza sifuri moja baadaye. Mwandiko wa sifuri hauna mengi ya kusema. Duara ni duara. Hapo ndipo wino unapoulizwa.

2. Ndani ya wino wa kalamu mna nini?

Inategemea kalamu. Wino wa bolpeni ni mzito kama asali. Karibu nusu yake ni viyeyusho, hasa fenoksiethanoli na alkoholi ya benzili. Kinachobaki ni rangi, pamoja na utomvu unaoishikiza rangi hiyo kwenye karatasi. Bolpeni nyingi za bluu na nyeusi hubeba rangi ya zambarau iitwayo kristali violeti, na za bluu mara nyingi huongezewa bluu ya fthalosianini yenye shaba ndani yake. Yakumbuke majina ya fenoksiethanoli na kristali violeti, yatarudi kwenye swali la 12.

Wino wa kalamu ya jeli ni wa maji, na rangi yake mara nyingi ni pigimenti, yaani chembe ngumu zinazoelea bila kuyeyuka. Kalamu za nibu na makapeni nyingi hutumia rangi zilizoyeyushwa kwa maji au spiriti. Halafu kuna wino wa kale wa chuma na tanini, ambao huandikwa ukiwa hafifu, hukolea chuma kinapokutana na hewa, na baada ya miaka mingi huila karatasi hadi kuitoboa.

3. Kwani wino mweusi si mweusi tu?

Kwa jicho, ndiyo, na mghushi hutegemea jicho hilo. Lakini jicho la binadamu huishia kwenye mwanga wa nanomita 700 hivi. Bolpeni mbili nyeusi zinazofanana kama pacha zinaweza kuachana njia mara tu unapovuka mpaka huo: moja inaendelea kufyonza mwanga na kuonekana nyeusi, nyingine inakuwa kama kioo, karatasi inaonekana nyuma yake kana kwamba hakuna aliyeandika kitu. Kila kiwanda hupata weusi wake kwa kuchanganya rangi kadhaa, na mchanganyiko huo ndio unaotafutwa.

4. Mnaweza kujua ni kalamu ipi iliyotumika, au nani aliyeishika?

Nani aliyeishika, hapana. Kalamu ipi, karibu hapana. Kiwanda kimoja hutoa mamilioni ya kalamu kwa mchanganyiko mmoja wa wino, kwa hiyo kinachowezekana kusemwa ni kwamba wino wa kwenye hati na wa kalamu iliyokamatwa ni wa aina moja, au si wa aina moja. Kipo kighairi kimoja kidogo: gololi au tundu la bolpeni likiwa na jeraha, huacha mstari mweupe mwembamba ndani ya kila mchoro, na jeraha hilo linaweza kulinganishwa chini ya hadubini. Hata hivyo huo ni ushahidi wa chombo, wala haumtaji mwenye chombo.

## Kabla hati haijafika maabara

5. Nina hati ninayoitilia shaka. Nifanye nini nayo leo?

Iguse kidogo iwezekanavyo. Itie ndani ya bahasha ya karatasi iliyo kubwa kuliko hati yenyewe, bila kuikunja zaidi ya mikunjo iliyokuja nayo. Bahasha iandike maelezo yake kabla hujaitia hati ndani. Ukiandika juu yake hati ikiwa humo, mgandamizo wa kalamu yako utapita na kuacha alama zitakazochanganya mambo. Iweke mahali pakavu, penye giza, mbali na joto. Usiiache kwenye dashibodi ya gari hata kwa saa moja.

Mambo yanayoharibu kesi kila siku: kupigilia pini mpya, kuzungushia duara sehemu inayoshukiwa, kubandika selotepu, kuilaminisha (tazama swali la 18), kuihifadhi ndani ya mfuko laini wa plastiki ambao hunyonya viyeyusho vya wino na wakati mwingine kung'oa tona ya printa, yaani unga wake wa wino. Na usikubali alama za vidole zitafutwe kwanza. Kemikali za kutafutia vidole huja na viyeyusho vinavyoutiririsha wino. Wino huchunguzwa kwanza, vidole baadaye.

Andika pia, kwenye karatasi nyingine, hati hiyo imepitia mikono ya nani na imekaa wapi. Mficha uchi hazai: kama ilikaa miaka mitatu juu ya kabati lililopigwa na jua la dirishani, maabara inapaswa kulijua hilo kabla ya kupima, kwa sababu linabadili namna ya kusoma matokeo.

6. Nina fotokopi tu, au picha ya simu. Inatosha?

Kwa wino, haitoshi. Fotokopi haina wino wa kalamu, ina tona. Picha ya simu haina hata hiyo. Mchunguzi anaweza kuona mambo machache kwenye nakala nzuri, kwa mfano saini mbili zinazolaliana mstari kwa mstari kana kwamba moja ni kivuli cha nyingine, jambo ambalo mkono hai haulifanyi. Ila kemia imeshapotea. Upande unaong'ang'ania kutoa nakala pekee huku ukidai hati halisi "imepotea" unastahili kuulizwa ilipotea lini na kwa nini.

7. Naweza kujipimia mwenyewe kwa taa ya kukagulia noti?

Kuangalia, sawa. Taa ya urujuanimno inaweza kukuonyesha doa mahali karatasi ilipooshwa kwa kemikali, au karatasi yenyewe kung'aa kwa weupe wa bluu. Dakika moja inatosha, maana mwanga huo huifisha rangi. Usichovye pamba kwenye spiriti na kusugua "kidogo tu pembeni". Nimeona hati ambazo tone hilo moja la udadisi lilikuwa ndilo kosa lisilorekebishika.

## Ndani ya maabara

8. Je, hati yangu itaharibiwa?

Kazi huanza na vipimo visivyogusa kitu: jicho, hadubini, mwanga wa pembeni, urujuanimno, infraredi (ule mwanga uliovuka mpaka wa jicho, swali la 3). Hesabu kubwa ya mashauri humalizikia hapo hapo. Vikishindwa ndipo hutolewa vipande vya kupima, navyo ni vidogo: sindano yenye tundu hutoboa ndani ya mchoro duara la takriban nusu milimita hadi milimita moja. Vidoa kama kumi hivi vikitolewa, hati inabaki ikisomeka, ingawa ukiiinua kwenye mwanga utaviona vitundu.

Maabara makini huomba kibali cha maandishi kabla ya kutoboa, hupiga picha kabla na baada, na huacha wino wa kutosha ili mtaalamu wa upande wa pili naye apime. Hutoboa pia sehemu tupu ya karatasi ile ile. Watu hushangaa kuona karatasi nyeupe ikipimwa, lakini bila hiyo huwezi kujua kilichoonekana kimetoka kwenye wino au kwenye karatasi.

9. Infraredi inaonyesha nini hasa?

Hili ni rahisi kuliona kuliko kulieleza, kwa hiyo chukua risiti. Iliandikwa *Mia nne tu*, na kwenye kisanduku *400/=*. Aliyeiandika aliacha nafasi mwanzoni mwa mstari, kosa ambalo wote tumelifanya. Baadaye mtu akaijaza nafasi hiyo: *Elfu moja Mia nne tu*, na kwenye kisanduku akatanguliza moja. Wino ni wa bluu ule ule, kwa jicho.

Weka risiti ndani ya mashine yenye kamera inayoona infraredi na anza kubadilisha filta. Kwenye nanomita 700 maandishi yote yapo, yamefifia kidogo. Unapopanda, *Mia nne tu* inaanza kupauka. Unakaribia 800, imekwisha kabisa, karatasi ni tupu, na pale mwanzoni mwa mstari yamebaki maneno mawili meusi kama masizi: *Elfu moja*. Kwenye kisanduku imesimama tarakimu 1 peke yake. Ukishaiona picha hiyo hurudi tena kwenye ile M kubwa ya *Mia*, iliyokuwa ikikwambia mapema kwamba hapo ndipo mstari ulipoanzia.

Mashine hiyo hiyo hufanya jambo la pili. Humulika hati kwa mwanga wa bluu na kijani, halafu hutazama kama wino unarudisha mng'ao wake kwenye infraredi. Wino mbili zinazofifia pamoja zinaweza kutofautiana hapa: mmoja unang'aa, mwingine unabaki giza. Mng'ao huo husaidia hata kwenye maandishi yaliyofutwa, kwa kuwa mabaki yaliyozama kwenye nyuzi za karatasi huendelea kung'aa wakati jicho halioni kitu.

Na kama mghushi alitumia kalamu ile ile iliyokuwa mezani? Infraredi haitakwambia lolote. Hapo unahamia kwenye maswali ya 11 na 12.

10. Kromatografia, yaani kuzitenganisha rangi za wino, inafanywaje?

Vile vidoa vya swali la 8 hutiwa kwenye kichupa kidogo na tone la kiyeyusho. Kwa wino wa bolpeni kinachozoeleka ni piridini, ambayo ina harufu ya kuudhi kuliko kitu chochote humo ndani. Rangi ikishatoka, tone lake hudondoshwa karibu na ukingo wa chini wa kibao kilichopakwa silika nyeupe, kando yake matone ya wino mwingine unaolinganishwa. Kibao husimamishwa ndani ya chombo chenye mchanganyiko wa ethili asetati, ethanoli na maji, kina chake kikiwa chini ya matone.

Kimiminika kinapanda chenyewe kama mafuta kwenye utambi, na rangi zinapandishwa nacho, kila moja kwa mwendo wake. Baada ya nusu saa hivi doa moja jeusi limekuwa ngazi: zambarau huku, bluu hapa, pengine njano ambayo hukuwahi kuidhania. Ngazi mbili zisipolingana, wino ni mbili, na hakuna wakili atakayeibishia picha hiyo kwa muda mrefu. Zikilingana, soma swali la 15 kabla hujafurahi.

Wino wa jeli wenye pigimenti hukataa mchezo huu. Chembe haziyeyuki, kwa hiyo hukaa pale pale zilipodondoshwa. Kwa huo hutumika spektroskopia ya Raman, ambayo humulika leza kwenye mchoro na kusoma mwanga unaotawanywa na molekuli, bila kutoboa kitu. Raman nayo ina udhaifu wake: rangi nyingi hung'aa zikipigwa leza, na mng'ao huo huizamisha ishara. Ndiyo maana hakuna maabara inayotegemea mbinu moja.

11. Mistari miwili ikikatana, mnaweza kujua upi ulitangulia?

Wakati mwingine, na hili huulizwa sana kuhusu saini iliyopita juu ya mhuri au juu ya maandishi ya printa. Onyo la kwanza: mstari mzito wa rangi daima huonekana uko juu, hata ukiwa chini. Ni ujanja wa macho, na umewapotosha watu wenye uzoefu.

Bolpeni juu ya tona ya printa ndilo shauri jepesi zaidi. Gololi hupita juu ya plastiki ya tona, huipondaponda na kuacha wino unaong'aa juu yake. Tona ikija baadaye, vipunje vyake huonekana vimekaa juu ya wino. Bolpeni juu ya bolpeni nyingine ni ngumu, na wino unaofanana ni ngumu zaidi. Mtaalamu anayejibu "haiwezekani kusema" mara nyingi ndiye mkweli.

Kuna shahidi mwingine anayesahaulika: mkunjo. Karatasi ikikunjwa, nyuzi zake huvunjika kwenye mstari wa mkunjo. Wino wa maji ukiandikwa baada ya hapo husambaa ndani ya nyuzi hizo kama maji kwenye ufa, na bolpeni huruka au kudunda. Barua inayodaiwa iliandikwa nzima, ikakunjwa, ikatumwa, halafu sentensi yake ya mwisho imevuja ndani ya mkunjo, ina maelezo ya kutoa.

## Umri wa wino

12. Inawezekana kujua maandishi yana umri gani?

Ndiyo, kwa mipaka ambayo watu hawapendi kuisikia.

Mstari wa bolpeni hukauka kwa kugusa ndani ya sekunde, lakini kikemia unaendelea kukauka kwa miezi mingi. Fenoksiethanoli huvukizwa haraka sana siku na wiki za kwanza, kisha kasi inapungua, na ikifika kama miaka miwili kilichobaki ni kidogo kiasi kwamba mabadiliko hayapimiki vizuri. Maabara hupima kiasi hicho kwa kromatografia ya gesi iliyounganishwa na spektrometa ya tungamo, chombo kinachopima uzito wa molekuli. Kwa kuwa mstari mnene huwa na kiyeyusho kingi kuliko mwembamba wa siku ile ile, njia nzuri ni kugawa vidoa mafungu mawili, kupasha moja joto, mara nyingi nyuzi 70 za Selsiasi, na kuyalinganisha. Wino mpya hupoteza sehemu kubwa ya kiyeyusho chake kwenye joto hilo. Wino mzee hauna cha kupoteza.

Kwa hiyo swali la "mkataba una tarehe ya miaka sita iliyopita, je, uliandikwa mwaka huu?" linajibika. Swali la "una miaka minane au kumi na miwili?" halijibiki kwa njia hii. Dirisha pia linajifunga kila mwezi unaopita huku mawakili wakiandikiana barua. Ukiwa na shaka kwamba tarehe imerudishwa nyuma, usisubiri shauri lianze kusikilizwa ndipo uombe kipimo.

Rangi nazo huzeeka. Kristali violeti inapopigwa na mwanga hupoteza vikundi vya methili, vipande vidogo vya molekuli yake, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kinapoondoka molekuli hupungua uzito kwa 14: 372, 358, 344. Spektrometa ya tungamo inaziona ngazi hizo waziwazi. Tatizo ni kwamba saa hii inaendeshwa na mwanga, si kalenda. Ukurasa uliokaa gizani ndani ya kitabu kilichofungwa hubaki kijana wakati ndugu yake wa ukutani amezeeka.

Hali nzuri kuliko zote ni ile ya kitabu kimoja chenye maingizo mengi ya tarehe tofauti kwa wino wa aina moja: daftari la mapato, kumbukumbu za vikao, shajara. Karatasi ni ile ile, mahali kilipokaa ni pale pale. Maingizo hujipanga kwa umri, na lile lililochomekwa baadaye hutoka kwenye foleni.

13. Na kama wino wenyewe haukuwepo wakati huo?

Huo ndio ushahidi mkali kuliko wote, kwa sababu haujali hati ilihifadhiwaje. László Bíró aliandikisha hataza ya bolpeni yake mwaka 1938, na kalamu za aina hiyo ziliingia sokoni Marekani mwishoni mwa 1945. Wino wa jeli ulitoka Japani, kampuni ya Sakura, mwaka 1984. Wosia wa 1979 uliosainiwa kwa jeli hauhitaji kemia nyingi.

Ramani ya Vinland, iliyodaiwa kuwa ya karne ya 15 na kuonyesha sehemu ya Amerika kabla ya Columbus, ilinaswa na titani. Miaka ya 1970 mkemia Walter McCrone aliikuta kwenye mistari yake anatase, umbo la oksidi ya titani lililoanza kutumika viwandani miaka ya 1920. Ubishi uliendelea kwa miongo, hadi mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Yale, kinachoimiliki, kilipoipima yote na kutangaza kwamba titani imeenea kwenye mistari na maandishi, na kwamba ramani ni ya kughushi.

Shajara za Hitler, zilizotangazwa na jarida la Stern la Ujerumani mwezi Aprili 1983, zilidumu chini ya wiki mbili baada ya kuchapishwa. Karatasi ilikuwa na king'arishi (kemikali ya kuipa weupe) kisichokuwepo enzi hizo, jalada lilikuwa na nyuzi za poliesta, wino ulikuwa wa kisasa, na kipimo cha kloridi yake kilionyesha maandishi hayakuwa na hata miaka miwili. Mwandishi wake, Konrad Kujau, alifungwa.

Kwa wino za kawaida, maabara hulinganisha na maktaba ya wino. Iliyo kubwa na inayojulikana zaidi inatunzwa na Secret Service ya Marekani: maelfu ya sampuli, za zamani zikiwa za miaka ya 1920, kila moja na mwaka wake wa kutolewa. Miaka ya 1970 baadhi ya watengenezaji wa Marekani hata walikubali kutia kwenye wino wao alama ya kemikali iliyobadilishwa kila mwaka. Wazo zuri sana, na ni hasara kwamba halikudumu.

14. Mghushi hawezi kuuzeesha wino?

Wamejaribu, na uzeeshaji wenyewe huacha alama. Mark Hofmann wa Salt Lake City, Marekani, alitengeneza wino wa chuma kwa mapishi ya kale, akaandika kwenye karatasi halisi za kale, akauzeesha kwa kemikali, na kwa miaka aliwauzia wataalamu nyaraka za karne ya 19. Baada ya mabomu aliyoyatega Oktoba 1985, yaliyoua watu wawili, wachunguzi George Throckmorton na William Flynn waliziweka nyaraka hizo chini ya hadubini. Wino ulikuwa umepasuka vipandevipande kama ngozi ya mamba, wakati wino halali wa umri ule ule haukupasuka hivyo. Chini ya urujuanimno waliona pia rangi iliyotiririka kuelekea upande mmoja, kana kwamba karatasi ilining'inizwa ikiwa mbichi. Alikiri mwaka 1987.

Kuhusu bolpeni: joto linalofukuza kiyeyusho huwa limeigusa karatasi yote. Ikiwa saini mbili za tarehe zinazoachana miaka mitano, moja ikidaiwa kuwa ya miezi michache tu, zote zimekauka sawasawa, au karatasi imepauka sawia hata sehemu ambayo haijawahi kuona hewa, mchunguzi ataanza kuuliza kuhusu pasi na oveni.

## Kuisoma ripoti bila kupotoka

15. Ripoti inasema wino mbili "hazikuweza kutofautishwa". Maana yake ni kalamu moja?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi hupotoka. Maana yake ni kwamba kwa mbinu zilizotumika, hakuna tofauti iliyoonekana. Zinaweza kuwa zimetoka kalamu moja, kalamu mbili za aina moja, au kalamu mbili za aina tofauti ambazo mbinu hizo hazikuweza kuzitenganisha. Angalia mbinu zilizotajwa. Ripoti iliyoishia kwenye infraredi na kutamka "hazikutofautishwa" ni nyepesi kuliko iliyopitia kromatografia na Raman.

Kinyume chake hakina usawa huu. "Zimetofautiana" ni kauli nzito hata ikitoka kwenye kipimo kimoja kilichofanywa vizuri.

16. Basi wino ukiwa tofauti, hati ni ya kughushi?

Pole pole. Kalamu huisha wino katikati ya sentensi. Mtu hujaza fomu ofisini kwa kalamu yake na kusaini kwa ile iliyofungwa kwa kamba kwenye kaunta. Mashahidi watatu huja na kalamu tatu. Swali la kujiuliza ni kama badiliko la wino limekaa mahali penye faida kwa mtu.

Mwaka 2004, kwenye kesi ya mfanyabiashara Martha Stewart huko Marekani, upande wa mashtaka ulionyesha kwamba maandishi "@60" kwenye karatasi ya dalali wake wa hisa yalikuwa ya wino tofauti na maandishi mengine. Baraza la mahakama lilimtia dalali hatiani kwa makosa mengine, lakini kwa shtaka la kughushi karatasi hiyo likamwachia. Wino tofauti ulikuwepo, haukutosha.

Shajara ya Anne Frank, msichana Myahudi aliyeiandika mafichoni Uholanzi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ni mfano mchungu zaidi. Mwaka 1980 polisi ya shirikisho ya Ujerumani Magharibi, BKA, iliripoti kuona wino wa bolpeni kwenye baadhi ya karatasi, na wanaokanusha mauaji ya Wayahudi wakaishikilia taarifa hiyo kama ushahidi kwamba shajara yote ilitungwa baada ya vita. Bolpeni hiyo ilikuwa kwenye vikaratasi viwili vya maelezo vilivyochanganyika na nyaraka miaka mingi baadaye, wakati wa uchunguzi wa awali wa mwandiko. Uchunguzi wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 1986 uliithibitisha shajara, na mwaka 2006 BKA yenyewe ikatamka kwamba ripoti yake haiwezi kutumiwa kuitilia shaka. Kipimo cha wino kilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni mtu kusema waziwazi wino huo ulikuwa juu ya *kipande kipi*.

17. Wataalamu wawili wamepingana. Nimwamini nani?

Anayekuonyesha picha zake, sampuli za karatasi tupu, na jina la aliyeshika sindano. Hilo la mwisho si dogo: katika kesi hiyo hiyo ya Stewart, mtaalamu wa wino wa upande wa mashtaka alishtakiwa baadaye kwa madai ya kudanganya kuhusu nafasi yake katika vipimo. Aliachiwa huru, lakini miezi hiyo ilitumika kubishana kuhusu nani alikuwa maabara siku ile. Muulize pia kila mmoja ni matokeo gani yangemfanya abadili msimamo. Asiye na jibu, ana mteja.

18. Hati imelaminishwa. Imelowa. Wino umefutika wenyewe. Bado kuna tumaini?

Iliyolaminishwa huruhusu infraredi kupita, lakini joto la mashine limeshavuruga kipimo cha umri, na plastiki haiondoki bila kung'oa wino. Iacheni ilivyo.

Iliyolowa ikaushwe kwa kulazwa bapa juu ya karatasi safi inayofyonza, bila feni ya joto wala pasi. Wino wa bolpeni huvumilia maji vizuri, na wa jeli wenye pigimenti vilevile. Wa nibu ndio hukimbia.

Maandishi yaliyotoweka bila mkwaruzo wowote huenda yaliandikwa kwa kalamu zinazofutika kwa joto, kama FriXion ya Pilot. Wino wake hupoteza rangi ukifika nyuzi 60 hivi, kwa msuguano wa kifutio au kwa gari lililoachwa juani, na hurudi kwenye baridi kali kati ya nyuzi 10 na 20 chini ya sifuri. Kuna watu wamesaini hundi kwa kalamu hizo bila kujua. Kabla ya kuikimbiza hati kwenye friza, ipelekwe kupigwa picha: ikiwa mtu alifuta kiasi cha awali kwa joto na kuandika kipya juu yake kwa kalamu hiyo hiyo, baridi itarudisha maandishi yote mawili kwa pamoja, yakilaliana.